Kisima Huzibwa na Waliokichimba

Ndugu msomaji, juma hili naomba tuziache kwa muda habari za uteuzi na utenguzi, tushuke chini ya ardhi. Nataka kuzungumzia mwamba, na hasa namna mwamba unavyopoteza uwezo wake wa kupitisha maji na mvuke pale binadamu anapoutoboa. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kuwa mimi ni mwalimu wa siasa na uendeshaji wa umma, sikusomea jiolojia. Lakini jambo hili limeachiwa wataalamu peke yao kupita kiasi, na fedha inayozama katika visima si ya wataalamu. Ni kodi ya mkulima wa kahawa wa Kamachumu na ya mvuvi wa Kemondo, nao wana haki ya kujua inazamia wapi.

Kwa miaka mingi tumelishwa takwimu moja: kwamba Tanzania ina jotoardhi la kufua megawati 5,000 za umeme. Nimeisikia katika hotuba, nimeisoma katika magazeti, na nimeisahihisha katika insha za wanafunzi walioinakili bila kuuliza ilipimwaje. Hadi ninapoandika makala haya, hakuna hata megawati moja ya jotoardhi iliyoingia katika gridi yetu ya taifa. Kampuni ya umma ya kuendeleza nishati hiyo, TGDC, iliundwa mwaka 2013 ikiwa chini ya TANESCO, na eneo linalotajwa mbele ya mengine ni Ngozi mkoani Mbeya, kisha Kiejo-Mbaka, Songwe, Luhoi na Natron. Sisi wa Kagera tuna chemchemi za moto za Mtagata, kule Kyerwa, ambazo Henry Morton Stanley alizifikia mwaka 1876 akiwa mgeni wa Rumanika wa Karagwe, akawakuta watu wakioga humo kutafuta uponyaji. Jina lenyewe, kwa anayesikia lugha zetu, limebeba habari ya maji yenye uvuguvugu.

Habari hii inatugusa kwa njia nyingine pia. Mkoa wetu uliwaka kwa miaka mingi kwa umeme ulionunuliwa Uganda, ukija kupitia Masaka hadi Kyaka, na kila laini ilipopata hitilafu ng'ambo, Bukoba ilikaa gizani ikisubiri habari njema kutoka nchi ya jirani. Leo kuna mtambo wa Rusumo wa megawati 80 kwenye mto Kagera, tunaogawana na Rwanda na Burundi. Mtu aliyekulia katika mkoa wa namna hiyo hawezi kuzipuuza ahadi za umeme wa ndani. Anachoweza kufanya ni kuuliza umeme huo unakwamia wapi.

Jibu la kwanza ambalo wanasiasa hawalisemi ni kwamba joto si umeme. Mwamba wenye nyuzi 250 za Sentigredi, ukiwa hauna nyufa, ni jiwe la moto na basi. Ili ufue umeme unahitaji maji yapite katika mwamba huo, yachukue joto lake, yaje juu. Uwezo huo wa mwamba kupitisha maji ndio wataalamu wanaouita upenyevu. Aliyeuwekea kanuni ya hesabu ni Henry Darcy, mhandisi wa maji wa mji wa Dijon nchini Ufaransa, aliyechapisha majaribio yake ya kupitisha maji katika mchanga mwaka 1856. Hakuwa akitafuta mvuke. Alikuwa akishughulikia maji ya kunywa ya watu wa mji wake. Hilo nalipenda, kwa sababu linaonyesha kwamba kisima cha mvuke cha mabilioni na kisima cha kijiji chenye pampu ya mkono vinatawaliwa na kanuni ileile.

Mtu wa Bukoba hahitaji Mfaransa kumweleza nyufa. Ile miamba ya mchanga inayosimama kama ukuta juu ya mji, na inayoendelea kuelekea Muleba, ni migumu mno. Chukua kipande chake, kimwagie maji, yatateremka pembeni. Lakini chini ya genge hilohilo utakuta chemchemi, na mama zetu wamepanga foleni na ndoo. Maji hayakupita katika punje za jiwe. Yamepita katika mipasuko. Miamba yenye jotoardhi nayo ni hivyo kwa sehemu kubwa. Utajiri wake uko katika nyufa, na ufa ni kitu chembamba, na kitu chembamba huzibika upesi.

Miaka kadhaa iliyopita niliandamana na kundi la wanafunzi hadi Olkaria, karibu na Naivasha nchini Kenya. Safari ilikuwa ya kujifunza uendeshaji wa mashirika ya umma, lakini nilirudi na jambo jingine kichwani. Ukiwa pale unasikia ngurumo ya mvuke kabla hujauona. Mabomba makubwa yanapita bondeni yakipinda kila baada ya hatua kadhaa, ili yakirefuka kwa joto yasipasuke. Chini ya miguu kuna vipande vyeusi vya kioo cha volkano, vikali kama wembe. Kenya sasa ina zaidi ya megawati 900 za jotoardhi, nyingi zikitoka eneo hilo, na Mtanzania akisimama pale anaona wivu wa halali kabisa.

Lakini historia ya Olkaria haikuanza kwa ngurumo. Katika miaka ya 1950 vilichorongwa visima viwili, X-1 na X-2, vyenye kina cha mita 1,000 hivi. Havikutoa mvuke wa kuendesha mtambo, na kazi ikasimama. Ilichukua mpaka miaka ya 1970, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, uchorongaji kurejea kwa nguvu, na mtambo wa kwanza wa megawati 15 uliwashwa mwaka 1981. Robo karne ilipita kati ya tundu la kwanza na taa ya kwanza. Anayetuambia kwamba Ngozi itawaka ndani ya mhula mmoja wa ubunge ama hajui historia hiyo, ama anajua kwamba sisi hatuijui.

Mhandisi aliyetuzungusha pale alikuwa kijana mpole, mwenye subira na maswali ya watu wa siasa. Nilimuuliza kwa nini visima viwili vilivyochorongwa jirani, kwa mtambo uleule, kimoja kinguruma na kingine kinyamaze. Alisema kwamba wakati mwingine ardhi yenyewe imenyima, na wakati mwingine ardhi ilikuwa imetoa, ila wachorongaji wameufunga mlango wakati wa kuingia. Hapo ndipo aliponieleza habari ambayo imenifanya niandike leo.

Maji yanapokuja kisimani hutoka pande zote, yakisongamana kadiri yanavyokaribia tundu, mithili ya watu wanaotoka uwanja wa Kaitaba kwa geti moja baada ya mechi. Mbali na geti kila mtu ana nafasi yake. Msongamano wote uko hatua za mwisho. Kwa sababu hiyo, pete nyembamba ya mwamba inayozunguka tundu ina nguvu kuliko eneo zima lililobaki. Tufanye hesabu kidogo, msomaji, haitauma. Chukua kisima chenye nusu kipenyo cha sentimita 10, kinachovuta maji kutoka umbali wa mita 300. Tuseme mwamba umeharibiwa hadi nusu mita tu kutoka katikati ya tundu, na upenyevu wake hapo umebaki sehemu moja ya kumi. Mwamba wote uliosalia, mita mia mbili tisini na tisa na nusu, uko salama kabisa. Kanuni ya Darcy inatoa jibu kwamba kisima hicho kitatoa kama theluthi moja ya maji ambayo kingetoa. Theluthi mbili zimepotea katika upana wa dhiraa moja.

Wahandisi wameipa pete hiyo jina. Wanaiita ngozi. Nilicheka niliposikia, maana eneo letu la kwanza la jotoardhi linaitwa Ngozi, na sidhani kama wazee wa Rungwe walioliita ziwa lao jina hilo walikuwa wakituonya.

Mwamba huharibikaje basi? Njia ya kwanza ni tope. Mtambo wa kuchoronga unahitaji kimiminika cha kupoza keekee na kupandisha juu chenga za mwamba uliosagwa. Kimiminika cha kawaida ni maji yaliyochanganywa na udongo wa bentonaiti, unaovimba na kuwa mzito kama uji wa ulezi. Uzito huo ni faida: unashikilia kuta zisiporomoke. Lakini shinikizo la tope ndani ya tundu likizidi lile la maji ndani ya mwamba, tope huingia katika nyufa, na katika kisima cha moto hupikwa humo. Bentonaiti iliyopikwa kwa nyuzi mia mbili na zaidi haitoki kwa kuoshwa. Inakuwa sehemu ya jiwe.

Ndiyo maana kule Olkaria, sehemu ya juu ya kisima ikishawekewa mabomba ya kesingi na kujengewa kwa saruji, sehemu ya chini ambayo ndiyo inayotarajiwa kutoa mvuke huchorongwa kwa maji, hewa na povu. Hewa hupunguza uzito wa maji ili yasisukumwe mwambani, na povu hubeba chenga. Ukichoronga kwa maji matupu yanayopotelea katika nyufa, chenga nazo hupotelea humohumo. Mchorongaji anafurahi kwamba amepata ufa mkubwa, kwa kuwa maji yake hayarudi juu. Saa hiyohiyo anaujaza ufa huo vumbi la mwamba alioutafuna yeye mwenyewe.

Lazima niseme pia, ili nisiwaonee wahandisi, kwamba maji baridi yana upande wake mzuri. Mwamba wa moto ukimwagiwa maji baridi hunywea, na ukinywea nyufa hupanuka. Kuna mahali ambapo kusukuma maji baridi kisimani kwa siku kadhaa kumeongeza upenyevu. Kazi hii haina kanuni moja ya kukariri, inataka kupima kila hatua.

Njia ya pili huanza baada ya furaha. Kisima kimekubali, mvuke umetoka, waziri amekata utepe. Maji yaliyokaa ndani ya mwamba wenye nyuzi 250 huwa yameyeyusha silika kutoka katika mwamba huo, kiasi cha miligramu 480 hivi katika kila kilo ya maji. Maji hayo yakipanda hadi juu na kuchemka, sehemu ya tatu hivi hugeuka mvuke na kuiacha silika nyuma, kwa hiyo maji yaliyobaki hubeba karibu miligramu 700. Lakini maji ya nyuzi 100 yana uwezo wa kushikilia miligramu 360 tu. Ziada itakwenda wapi? Inaganda. Inaganda katika mabomba, na maji hayo yakirudishwa ardhini kupitia kisima cha kurejeshea, kama inavyopasa, inaganda katika nyufa za mwamba unaoyapokea. Vile vioo vyeusi nilivyovikanyaga Olkaria ni ushahidi kwamba miamba ya pale ina silika tele. Wahandisi hulazimika kuchagua: wayarudishe maji yakiwa bado moto, kabla ya kuganda, na hivyo kupoteza joto ambalo lingefua umeme zaidi, au wayakamue mpaka tone la mwisho na kukiziba kisima. Shirika linalodaiwa megawati nyingi kila mwaka litakuwa na kishawishi cha kukamua.

Chokaa nayo ina tabia ya kinyume. Silika huganda maji yanapopoa. Chokaa huganda hewa ya ukaa inapotoroka, na hewa hiyo hutoroka pale maji yanapoanza kuchemka ndani ya kisima. Aliyewahi kuishi Dodoma analijua lile ganda jeupe ndani ya birika. Nilipohamia huko kikazi nilidhani nimeuziwa birika bovu, kwa sababu maji laini ya kwetu Bukoba hayaachi kitu. Sasa fikiria birika lenye urefu wa kilomita mbili lisiloweza kusuguliwa kwa steeluwaya. Nchini Uturuki, katika eneo la Kızıldere, chokaa imewasumbua tangu mwanzo, hata ikawabidi kuvisafisha visima kwa mashine na baadaye kuingiza dawa ya kuzuia isigande. Kwetu onyo liko wazi juu ya ardhi: chemchemi za moto za Songwe zimejenga vilima vya mawe ya chokaa ambavyo watu wamekuwa wakivikata. Maji yanayojenga mlima nje yataacha nini ndani ya bomba?

Majirani wametutangulia katika maumivu pia. Ethiopia ilijenga mtambo wa megawati 7 na ushei huko Aluto-Langano mwishoni mwa miaka ya 1990, na baada ya miaka michache ukasimama kwa matatizo ya mitambo na ya visima. Mtambo wa kwanza wa jotoardhi katika Afrika nzima, ule mdogo wa Kiabukwa kule Katanga wa mwaka 1952, ulikuwa wa kilowati 220 hivi, nao haufanyi kazi tena. Tofauti ya Kenya, kwa maoni yangu, ni kwamba waliandika. Tangu mwaka 1979 Iceland imekuwa ikiendesha mafunzo ya jotoardhi, na vijana wa Kenya, Uganda, Ethiopia na Tanzania waliopita huko wameacha ripoti zao wazi kwa yeyote kusoma. Humo utamkuta mhandisi wa Kenya akieleza bila haya kwamba kisima fulani kilipoteza maji katika kina fulani, kwamba kingine hakikujitokeza mpaka kisukumwe kwa hewa, na vipimo vyake ni hivi. Mimi nimezisoma kadhaa kwa shida, nikiwa na kamusi pembeni, na nimejifunza kutoka kwazo kuliko kutoka hotuba zote za nishati nilizowahi kuhudhuria.

Sasa nirudi Muleba, maana huko ndiko hasira yangu ilikozaliwa.

Kijijini kwa mjomba wangu, kwenye mteremko unaotazama ziwa, kilichimbwa kisima kirefu. Ziwa linaonekana kutoka uani kwake, bluu na pana, na bado akina mama wanashuka bondeni na madumu, kwa sababu kuliona ziwa na kuyapata maji yake ni mambo mawili. Mkandarasi alikuja na mtambo juu ya lori, watoto wakakosa shule siku mbili kuutazama. Nilikuwa likizo, nikaenda nami. Tope la bentonaiti lilitiririka hadi kwenye kibanja cha jirani na kuacha utando wa kijivu chini ya migomba. Walipofikia kina cha mkataba walishusha mabomba, wakamwaga kokoto, wakawasha pampu kwa muda mfupi mbele ya viongozi. Maji yakatoka yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, watu wakapiga vigelegele, na mtambo ukaondoka kabla ya jua kuzama.

Kwa utaratibu unaofahamika, kisima kilichochorongwa kwa tope husafishwa kabla ya kukabidhiwa. Husukumwa kwa hewa, hupigwapigwa, wakati mwingine huwekwa dawa ya kulainisha udongo, saa baada ya saa, hata siku, mpaka maji yatoke maangavu. Kisha hupimwa: pampu huendeshwa mfululizo, mara nyingi saa 24, kina cha maji kikiandikwa kila baada ya dakika kadhaa, pampu ikizimwa, kasi ya maji kupanda nayo huandikwa. Vipimo hivyo ndivyo vinavyoonyesha kama ngozi ya kisima ni nzima au imekufa. Pale kwetu sikuona hata daftari.

Kisima kile kilitoa maji msimu mmoja. Kisha yakapungua, yakawa ya kusubiri, na baadaye pampu ikawa inavuta hewa. Kikao cha kijiji kikakaa. Wengine walisema ni ukame. Wengine walilitaja tetemeko la Septemba 10, 2016, lile la ukubwa wa 5.9 lililobomoa nyumba na kuua watu huku kwetu, wakisema limehamisha maji. Tetemeko huweza kweli kubadili nyufa za mwamba, kuzifungua au kuzijaza udongo. Hilo limeshuhudiwa sehemu nyingi duniani. Ila kisima hiki kilichimbwa baada ya tetemeko, miaka kadhaa baadaye. Mzee mmoja alisema mizimu ya mahali pale haikuombwa. Hakuna aliyelitaja tope.

Jioni mjomba aliniuliza, akichambua maharage kwenye ungo:

"Mwihwa, wewe umesoma. Maji yalikuwepo au hayakuwepo?"

"Yalikuwepo, mjomba. Nadhani bado yapo."

"Basi nani ameyafunga?"

Nilimweleza habari ya tope na pete ya mwamba, nikitumia ungo wake na vidole vyangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili aliyewahi kuniuliza katika semina: yule mtu alilipwa kwa maji au kwa shimo?

Alilipwa kwa shimo. Hii ndiyo siasa ya upenyevu, msomaji, na hapa niko nyumbani kitaaluma. Mikataba mingi ya uchimbaji hulipa kwa mita. Mita huonekana, huhesabika, hukaguliwa kwa kamba. Mchorongaji anayelipwa kwa mita hana sababu ya kupoteza siku tatu akisafisha kisima, na ana kila sababu ya kutumia tope zito linaloharakisha kazi, kwa kuwa uharibifu wa ngozi ya kisima hautaonekana siku ya makabidhiano. Diwani naye anahesabu visima vilivyochimbwa katani, na mbunge anahesabu vya madiwani wote, na waziri anavijumlisha. Ukifika juu kabisa una jedwali zuri la mashimo. Sheria ya maji ya mwaka 2019 ilituletea RUWASA, chombo cha kusimamia maji vijijini, na jumuiya za watumia maji zikapewa nafasi ya kisheria. Hatua hiyo niliiunga mkono katika makala ya wakati ule na bado naiunga mkono. Lakini jumuiya inayokabidhiwa kisima bila karatasi ya vipimo imekabidhiwa kitu isichoweza kukisimamia. Mwaka wa tatu kikipungua, haina cha kulinganisha nacho.

Najua jibu litakalotolewa. Kupima ni gharama, na vijiji ni vingi. Naam, kupima kisima ni gharama. Lakini anayesema hivyo afanye pia hesabu ya kisima cha pili, kitakachochimbwa mita hamsini kutoka cha kwanza baada ya uchaguzi ujao. Katika jotoardhi hesabu hiyo inatisha zaidi. Kisima kimoja chenye kina cha kilomita mbili au tatu hugharimu mamilioni ya dola, na kikizibwa na tope hakuna fundi wa kijiji atakayekizibua. Kuna njia za kuzibua, ni kweli: kusukuma tindikali inayoyeyusha udongo na chokaa, kurudisha mtambo na kukwangua kuta, kupachika maji baridi kwa shinikizo. Baadhi ya visima hufufuka. Lakini tindikali hula pia chuma cha mabomba, na kila ufufuo ni zabuni mpya, na zabuni mpya ni sherehe kwa watu wale wale.

Kwa hiyo, wakati mitambo ikielekezwa Ngozi na Kiejo-Mbaka, sitauliza wamefika mita ngapi. Nitauliza sehemu ya chini ilichorongwa kwa kimiminika gani. Nitauliza maji yaliyopotea yalipotelea katika kina kipi, chenga zilirudi juu au zilibaki, kisima kilipokea lita ngapi kwa sekunde kabla ya kuachwa kipate joto, na kilitoa nini baada ya kupata. Namba hizo zinatosha karatasi moja. Zikiwekwa hadharani, kama Wakenya walivyozoea kuziweka, hata mwalimu wa siasa aliyekulia Muleba anaweza kuzisoma, na mbunge anaweza kuziulizia. Zikifungiwa kabatini kwa jina la siri za biashara, tutaendelea kuimba 5,000.

Mjomba hakungoja makala yangu. Kijiji kimeahidiwa kisima kingine katika bajeti ya halmashauri, na yeye sasa ni mjumbe wa jumuiya ya maji. Aliniomba nimwandikie kwa Kiswahili chepesi mambo ya kudai siku ya makabidhiano. Nilimwandikia manne: saa za kusafisha, saa za kupima, kina cha maji kabla na baada ya kupampu, na sahihi ya mkandarasi chini ya namba hizo. Ameukunja ukurasa huo na kuuweka ndani ya kadi yake ya chama cha ushirika. Juma lililopita alinipigia simu kuuliza kama aongeze la tano, kwamba theluthi moja ya malipo ishikwe mpaka masika na kiangazi vipite. Nilimwambia aliongeze, na kwamba aliandike la kwanza.